Mbwa wa Sebuleni, Mbwa wa Getini: Yupi Afugwe?

Hoja: Familia ya mjini inayotaka mbwa wake wa kwanza ichukue mbwa mdogo wa kuishi naye ndani, au mbwa mkubwa wa kazi?

Wasemaji: Mfugaji wa mbwa wa kazi, kutoka pembezoni mwa Arusha, Mwalimu mstaafu wa Dar es Salaam anayeishi na mbwa mdogo, Daktari wa mifugo, na Mzee wa Pemba, ambaye hafugi mbwa ila anaishi jirani na wanaofuga.

MFUGAJI: Kabla mbwa hajaletwa nyumbani, watu wa nyumba hiyo wajiulize atafanya nini. Ng'ombe anakamuliwa, punda anabeba mzigo. Mbwa naye tumeishi naye kwa kazi: awinde, alinde zizi, awaamshe wenye nyumba mgeni asiyetakiwa akiruka ukuta. Ukimchukua mbwa wa kilo tatu ukamlaza kwenye kochi, umemtoa katika kazi iliyomfanya awe wetu. Familia ya mjini ina watoto na ina mali iliyotafutwa kwa jasho. German Shepherd aliyefundishwa vizuri anailinda yote hiyo. Mbwa wa sebuleni anaisaidia familia kwa haja gani?

MWALIMU: Upweke, kaka yangu. Mjini wako watu wengi wanaorudi jioni kwenye chumba kisicho na mtu wa kuwaitikia salamu. Wako wastaafu ambao watoto wao wanaishi mikoani na wanapiga simu Jumapili kwa Jumapili. Kumkalia mtu karibu ni kazi, na ni kazi ya zamani. Mbwa wa Pekingese walilelewa katika makasri ya wafalme wa China kwa karne nyingi. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipopora kasri la kiangazi kule Beijing mwaka 1860, mbwa hao walikuwa miongoni mwa vilivyochukuliwa, na mmoja akafikishwa kwa Malkia Victoria. Hakuna aliyewaweka mle ili walinde lango. Usiseme, basi, kwamba mbwa wa kukaa naye ameletwa juzi na picha za simu.

MFUGAJI: Umenipa mfano wa kasri, Mwalimu, na kasri lina walinzi wake na wapishi wake. Mimi namzungumzia baba na mama waliojenga Mbezi ya Dar es Salaam au Sakina ya Arusha, wana mkopo, wana ada za shule. Kwa nyumba ya namna hiyo, kila kinywa kinachoongezwa lazima kirudishe kitu.

MWALIMU: Basi tuhesabu vinywa. Wako anakula sufuria nzima, wangu anashiba kwa kisahani cha chai. Daktari, nisahihishe kama nimekosea.

DAKTARI: Hukukosea, ila hesabu yenyewe ina jambo ambalo wengi hawalijui. Chakula hakipandi sawasawa na uzito. Mbwa wa kilo 3 aliyetulia anahitaji kiasi cha kalori 160 kwa siku. Wa kilo 35 anahitaji kama 1,000. Uzito umezidi karibu mara kumi na mbili, lakini chakula kimezidi mara sita tu. Kwa kila kilo ya mwili, mdogo ndiye mlaji. Hata hivyo, sufuria ya mkubwa bado ni sufuria ya kweli, na haiishii hapo: dawa ya minyoo, ya kupe na ya usingizi wa upasuaji hupimwa kwa kilo. Chanjo, kama ile ya kichaa cha mbwa, ndiyo dozi moja kwa wote wawili. Na familia inayopanga kumlea mbwa mkubwa kwa ugali wa dona na mchuzi uliobaki ijue kwamba mtoto wa mbwa anayekua haraka akikosa protini na madini ya chokaa, mifupa yake inapinda, na haitanyooka akikua.

MFUGAJI: Gharama sizikatai. Nasema zinalipwa. Ukimwajiri mlinzi wa usiku unamlipa kila mwezi, na bado huna hakika kwamba saa tisa usiku hajasinzia. Mbwa anasikia hatua za mtu kabla mtu huyo hajafika ukutani, na harufu ya mgeni inamfikia hata kukiwa giza totoro. Mwizi anayechagua nyumba ya kuingia huanza kwa kuuliza ni ipi isiyo na mbwa.

MWALIMU: Kwa kuwa umemweka kwenye kiti cha mlinzi, tumuulize kama anapata haki za mlinzi. Mlinzi ana likizo, ana mtu wa kumpokea zamu. Mbwa wa getini katika nyumba nyingi nilizoziona anafungiwa kwenye banda la bati alfajiri, anapigwa na joto la mchana kutwa, kisha anafunguliwa watu wakilala. Nje kuna kibao cha "Mbwa Mkali". Ndani kuna mnyama ambaye tangu aletwe hajawahi kuvuka uzio, na watoto wa nyumba hiyo wenyewe hawathubutu kumkaribia. Na mwizi aliyedhamiria anajua la kufanya: anarusha kipande cha nyama chenye sumu kabla hajaja. Mbwa wangu analala ndani. Nyama ya mwizi haimfikii, na sauti yake inaniamsha palepale kitandani.

MFUGAJI: Huyo wa banda la bati si mbwa wa kazi, ni mbwa aliyetelekezwa. Tusiwahukumu walimu wote kwa shule moja isiyo na madawati. Mbwa wa kazi ana mtu wake, ana saa za mazoezi, na amefundishwa kukataa chakula kutoka mkono wa mgeni. Njoo Usa River, hapo karibu na Arusha. Tangu mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, na limewapeleka kwenye viwanja vya ndege na bandari za nchi zetu. Pale mbwa hafundishwi peke yake. Askari atakayefanya naye kazi anafundishwa pamoja naye, mpaka waelewane. Nenda na Namibia, ambako kituo cha kuhifadhi duma, Cheetah Conservation Fund, kimekuwa kikiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki tangu mwaka 1994. Mtoto wa mbwa anakulia katikati ya mbuzi, anawaona kuwa ndugu zake, na akikua anawabwekea duma na chui wakaondoka. Mbuzi wanapona. Duma naye anapona, kwa kuwa mfugaji hana tena sababu ya kumpiga risasi. Nionyeshe kochi lililookoa duma.

MWALIMU: Mifano yako ni mizuri na naiheshimu. Ila itazame vizuri: nyuma ya kila mmoja kuna taasisi, kuna wakufunzi wanaolipwa, kuna daktari wa kudumu. Hoja yetu ni familia inayotaka mbwa wake wa kwanza. Baba anatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, anarudi saa mbili usiku. Mama vilevile. Watoto wako shule ya bweni. Nani atamfundisha mbwa wa kilo 35 kukataa nyama ya mgeni? Dada wa kazi, ambaye naye anamwogopa?

MFUGAJI: Saa hizohizo za foleni, Mwalimu, mbwa wa ghorofani yuko wapi? Amefungiwa ndani peke yake, anakojoa kwenye gazeti, anabweka mpaka jirani wa chini anapiga dari kwa fimbo. Umeuliza kuhusu banda la wengine. Mimi nauliza kuhusu mlango wa chuma wa kwenu.

MWALIMU: Swali la haki. Mimi niko nyumbani, lakini majirani zangu wengi hawapo, na mbwa wao nawasikia. Asiyekuwepo nyumbani asifuge mbwa wa kukaa naye, maana hakuna atakayekaa naye.

DAKTARI: Hapo mmegusa jambo linalowabana nyote. Mtoto wa mbwa, awe wa ukubwa wowote, anajifunza dunia kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi. Watu, watoto wanaokimbia, pikipiki, mwavuli, mbwa wengine: asichokiona kwa amani katika wiki hizo kinaweza kuwa adui yake maisha yote. Wenye mbwa mkubwa hulikosea jambo hili kwa makusudi. Wanamficha ili awe mkali, na wanachopata ni mbwa mwoga mwenye meno. Wenye mbwa mdogo hulikosea kwa mapenzi. Wanambeba mkononi kila mahali, hagusi ardhi, na akinguruma wanacheka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliowauliza wenye mbwa wa aina nyingi, uliwaweka Dachshund na Chihuahua miongoni mwa walioongoza kwa ukali dhidi ya watu. Udogo haukuwafanya wapole. Umewafanya wasamehewe.

MWALIMU: Naikubali lawama hiyo. Lakini makosa mawili yanayofanana hayaleti madhara yanayofanana. Chihuahua akimkosea mtoto adabu, mtoto analia na anafungwa bandeji. Boerboel wa kilo 60 akikosea, unazungumzia hospitali ya rufaa, pengine kaburi. Familia ya kwanza itakosea, hakuna asiyekosea mara ya kwanza. Ningependa ikosee kwa kilo 3.

MFUGAJI: Kilo 3 zenye kichaa cha mbwa zinaua sawa na kilo 60.

DAKTARI: Ni kweli. Virusi viko kwenye mate, na mchubuko mdogo unatosha.

MZEE: Basi nami niingie hapo, kwa sababu mimi sikuchagua mbwa, nimechaguliwa kuwa jirani yake. Sisi Waislamu wa mwambao wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafii. Kwetu mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Ruhusa ya kufuga ipo, na imetajwa pamoja na kazi: kuwinda, kuchunga mifugo, kulinda shamba. Kwa sheria hiyo Mfugaji ana nafasi ambayo Mwalimu hana. Lakini nikitoka nje ya nyumba yangu mambo yanageuka. Mbwa wa ghorofani hajawahi kunizuia kwenda msikitini alfajiri. Mbwa wa geti, mwenyewe akisahau komeo, amenirudisha nyumbani nikiwa nimeshatia udhu.

MWALIMU: Shikamoo Mzee wangu. Nakuheshimu wewe na dini yako, na ndiyo maana mbwa wangu hapandi lifti nikiona kuna mtu ndani ambaye hataki kuguswa naye. Tunasubiri zamu nyingine. Naomba nikuulize. Wapo mbwa wadogo wanaofundishwa kumgusa mtu asiyesikia mlango ukibishwa au mtoto akilia. Wapo wanaomtahadharisha mgonjwa wa kisukari sukari inaposhuka. Hao wako wapi katika ruhusa hiyo?

MZEE: Marahaba. Wanazuoni wengi wamepima haja nyingine kwa zile zilizotajwa, wakaingiza kulinda nyumba na kumwongoza kipofu. Huyo wa asiyesikia naona mlango wake uko karibu na huo. Upweke ndio mgumu. Mtu ataniambia dawa ya upweke ni ndugu, ni jirani, ni jamaa wa msikitini, na mimi nitaona haya kwa sababu jirani mwenyewe ni mimi, na sijabisha hodi kwako tangu mfungo.

MFUGAJI: Mzee amesema jambo zito. Mwalimu, pengine mbwa mdogo anatusaidia kutotembeleana.

MWALIMU: Kwangu imekuwa kinyume. Kila jioni lazima nishuke chini, nizunguke mtaa, nisalimiane na muuza mihogo na watoto wanaotaka kujua jina la mbwa. Kabla yake ningekaa ndani na redio. Sisemi mbwa anachukua nafasi ya mtu. Nasema alinitoa nje nikawakuta watu.

MZEE: Naongeza moja ya kwetu Pemba. Kisiwa kile watu wake takriban wote ni Waislamu, na bado kuna mbwa, wa wasasi na wa wakulima wanaolinda mazao. Kichaa cha mbwa kilipotusumbua, chanjo ya mbwa ndiyo iliyokizima. Ilipolegea, ugonjwa ukarudi, na chanjo ikarudiwa mpaka ukazimwa tena. Waliochanjwa hawakuulizwa ukubwa. Mimi ninachomdai mfugaji yeyote ni cheti cha chanjo na kamba shingoni. Baada ya hapo, kilo ni zenu wenyewe.

DAKTARI: Na cheti hicho kina uzito kuliko mjadala wetu mzima. Duniani watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Shirika la Afya Duniani linasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kuenea. Mwenye kidonda cha kuumwa akioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani anayemjua. Sasa nawageukia nyinyi wawili: mnazungumza kana kwamba udogo ni uvivu na ukubwa ni kazi. Nani kawaambia?

MWALIMU: Mimi sijasema hivyo, na nina ushahidi. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwepo mbwa wa Yorkshire Terrier aliyeitwa Smoky, mwenye uzito wa kama kilo 2, aliyeokotwa katika misitu ya New Guinea. Mwaka 1945 kule Ufilipino, jeshi la Marekani lilihitaji kupitisha waya wa simu chini ya uwanja wa ndege. Kuchimba kungewaweka askari na ndege hatarini kwa siku kadhaa. Smoky akafungwa kamba shingoni, akapita ndani ya bomba jembamba la chini ya ardhi, akatokea upande wa pili kwa dakika chache. German Shepherd asingeingiza hata bega. Na kama mnataka mfano wa nyumbani, nendeni Morogoro. Panya buku wanafundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyekuwa na kilo 1.2, alizaliwa pale, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza, ambayo kabla yake hakuna panya aliyewahi kuipata. Kwa kuwa ni mwepesi, alipita juu ya bomu bila kulilipua. Udogo wake ndio uliokuwa kazi yake.

MFUGAJI: Na ndivyo unavyonipa ushindi, Mwalimu. Smoky na Magawa tunawakumbuka kwa walichofanya. Hakuna nishani ya kukaa mapajani. Kumbe ugomvi wangu hauko na kilo. Uko na mbwa anayefanywa mdogo kwa ajili ya udogo wenyewe, mpaka mwili wake unakuwa adhabu. Daktari, waeleze watu mbwa hao wanaoitwa wa kikombe wanaishije.

DAKTARI: Wanaishi kwa mashaka. Mtoto wa mbwa mdogo kupita kiasi akikosa mlo mmoja sukari inashuka, anatetemeka, anaweza kufa. Meno yanabanana kwenye taya dogo na kuoza mapema. Kifupa cha goti kinahama. Bomba la hewa linalegea, kwa hiyo mkanda wa shingoni unamkaba, afadhali wa kifuani. Wengi hawazai bila upasuaji. Kipande cha chokoleti ambacho kingemsumbua tu mbwa mkubwa kinaweza kumuua yeye. Na wale wenye uso bapa, wakiwekwa kwenye joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari, wanahangaika kupumua. Lakini Mfugaji usitabasamu. German Shepherd, tangu Max von Stephanitz alipoanzisha chama cha aina hiyo Ujerumani mwaka 1899 akitafuta mbwa wa kuchunga kondoo, amepitia mikono ya watu waliopenda mgongo unaoteremka nyuma. Nyonga zake zinalegea, na uzeeni miguu ya nyuma inakataa. Mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo linalojaa gesi na kujipinda. Wasipofanyiwa upasuaji ndani ya saa chache wanakufa. Na wanaozeeka mapema ni wakubwa. Mdogo anaweza kuishi miaka 14 hadi 16. Mkubwa ukifika naye miaka 10 au 12, shukuru.

MZEE: Kwa nini basi familia itafute mmojawapo wa hao? Mitaani kuna mbwa wa kienyeji.

DAKTARI: Swali ambalo nalitamani kila siku. Mbwa wetu wa kienyeji ni wa ukubwa wa kati, amechujwa na magonjwa ya hapa kwa vizazi vingi, nywele zake fupi zinafaa joto letu, na hajaharibiwa na mashindano ya urembo. Wakongo wana mbwa wao wa msituni ambaye dunia inamwita Basenji, wa kilo 10 hivi. Habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji humfunga kengele shingoni wasimpoteze vichakani. Hakuna aliyemleta kwa meli. Ninyi nyote wawili mnapita juu ya mbwa aliye mlangoni kwenu kwenda kununua aliye mbali.

MFUGAJI: Mbwa wa kienyeji namheshimu, Wamaasai wanachunga naye na anafanya kazi yake ya kutoa sauti simba akinyemelea boma. Lakini mwizi wa mjini hamwogopi. Umbo ni sehemu ya ulinzi. Mtu akimwona Rottweiler anageuza njia bila mtu kuumwa. Kwa kienyeji itabidi aumwe kwanza.

MWALIMU: Mimi naye simkatai, ningekuwa na ua ningemchukua. Chumba changu ghorofani hakimtoshi, anahitaji pa kukimbia. Na nakujibu hoja ya umbo: unataka mbwa anayetisha. Mtoto wa jirani anayetumwa chumvi naye anatishika. Umbo halichagui mwizi na mtoto.

MFUGAJI: Mafunzo ndiyo yanayochagua.

MWALIMU: Na tumeshakubaliana kwamba familia hii haina mafunzo.

MFUGAJI: Basi iyatafute! Hapo ndipo unapoidharau familia. Mtu anajifunza kuendesha gari kabla ya kulinunua. Kwa nini asijifunze mbwa? Mbwa mkubwa anamlazimisha mwenyewe kuwa makini: huwezi kumwacha bila adabu, bila mazoezi, bila chanjo. Mdogo anakuruhusu uzembe, na ndiyo maana wengi wa mjini wanamtaka.

MWALIMU: Wengine wanamtaka kwa sababu wanajua mwisho wa nguvu zao. Mimi nina magoti ya mtu aliyesimama ubaoni miongo mingi. Mbwa wa kilo 35 akivuta kamba, mimi ndiye nitakayefanyiwa matembezi. Kuchukua mnyama unayeweza kumbeba mpaka kwa daktari akiugua usiku si uzembe.

MFUGAJI: Uniwie radhi kwa swali hili, Mwalimu, nakuuliza kama mdogo wako. Daktari amesema mdogo anaishi miaka 16. Wewe umestaafu. Nani atamrithi?

MWALIMU: Hukunikosea. Nimeshazungumza na mpwa wangu, amekubali, na mbwa analala kwake kila mwezi siku kadhaa ili amzoee. Mzee anayechukua mbwa bila kulipanga hilo amemkopesha mnyama huzuni. Sasa na mimi nikuulize. Mbwa wako wa lango akifika miaka tisa, hasikii vizuri, nyonga zimekwisha, geti linahitaji mwingine. Anakwenda wapi?

MFUGAJI: Kwangu anabaki. Anakula, analala barazani, anafundisha wadogo.

MWALIMU: Kwako. Na kwa wale unaowauzia?

MFUGAJI: Wapo wanaomrudisha kwangu. Wapo wanaompeleka shamba. Na wapo ambao sijui walimfanyia nini, na hao siwauzii tena.

DAKTARI: Mimi najua wanachofanya baadhi yao, kwa sababu wanakuja kuniomba sindano ya mwisho kwa mbwa anayehitaji tu dawa ya maumivu na godoro. Lakini nasema kwa haki: wenye mbwa wadogo nao wanakuja. Wanahamia nyumba isiyoruhusu mbwa, au mtoto amezaliwa, au rangi ya kochi jipya ni nyeupe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo Tanzania, inakataza ukatili. Haimlazimishi mtu kupenda alichokichoka. Kwa hiyo nawaomba kila mmoja aiambie familia hii sharti lake, nisikie.

MFUGAJI: Sharti langu: taja kazi kwanza. Uwe na uzio unaofungwa, mtu mmoja wa nyumbani atakayeamka naye kila alfajiri kumtembeza, na mwalimu wa mbwa kwa mwaka wa kwanza. Ukikosa kimojawapo, usije kwangu.

MWALIMU: Langu: taja saa kwanza. Nani atakuwa naye mchana, nani atamshusha chini asubuhi na jioni, nani atamchukua wewe ukishindwa. Ukikosa kimojawapo, nunua maua.

MZEE: Kwa masharti hayo nusu ya mageti na nusu ya maghorofa ya mji huu hayatakuwa na mbwa.

DAKTARI: Na mimi nitalala usiku.

MFUGAJI: Masharti yako nayakubali, Mwalimu, lakini mwanzo wako siukubali. Wewe unaanza kwa kuuliza mbwa atapata nini. Mimi naanza kwa kuuliza atatoa nini, na sifanyi hivyo kwa ukatili. Mambo yakibana, anayetupwa wa kwanza ni yule asiye na kazi. Mwenye ng'ombe hamwachi mbwa anayelinda zizi, hata mwaka wa njaa. Kazi ndiyo kinga yake.

MWALIMU: Kinga hiyo inaisha siku nguvu zake zinapoisha. Mbwa hakuomba kuja. Sisi ndio tuliomtaka, kwa hiyo sisi ndio wa kuulizwa kwanza.

MFUGAJI: Akizeeka atatunzwa na watu waliolala salama miaka kumi kwa ajili yake. Anawadai. Mbwa wa sebuleni atadai nini?

MWALIMU: Hatadai kitu, kaka. Wangu nitamtunza bila deni. Hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana, na familia hii ijue iko upande gani kabla haijaenda kumtafuta mbwa, mdogo au mkubwa.